Nimepewa notisi ya siku 7 hapa Auburn, Maine. Siti (serikali ya mji) inaweza kutusaidia kodi ya nyumba?

Mama_Nyarugusu
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tuko Auburn, mimi, mume wangu na watoto watatu. Tuliletwa kama wakimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu. Mume alikuwa kiwandani, mgongo ukamkatalia, mwezi mzima hajaingiza kitu. Kodi imelala. Juzi narudi nyumbani nakuta karatasi mlangoni: tulipe ndani ya siku 7 au tutoke. Mkataba wa maandishi hatuna, tunalipa mwezi kwa mwezi. Jirani mmoja anasema nifungashe kabla polisi hawajaja, mwingine anasema siti ina hela za watu kama sisi. Nimsikilize nani? Na je, tukipokea hela za serikali, hazitatuharibia makaratasi ya uhamiaji?

Kaka_wa_Uvira
Pole sana dada. Vuka daraja tu, nenda Siti Hall ya Lewiston, uliza General Assistance, ule msaada wa siti kwa waliokwama. Rafiki yangu alilipiwa pale.

MkalimaniME
Hapana, kaka, utampotezea siku. Kila mji wa Maine una General Assistance yake, ni lazima kwa sheria, na mtu anaombea anapoishi. Yeye ni wa Auburn, aende Auburn. Lewiston watamrudisha tu. Mji ndio unaolipa kwanza, kisha jimbo linaurudishia asilimia 70, ndiyo maana makarani wanabana na kudai karatasi.

Dada, nenda kesho asubuhi. Beba notisi yenyewe, vitambulisho vya nyumba nzima, hati za mshahara wa mwisho wa mumeo, barua ya daktari, na namba ya mwenye nyumba. Sema tangu mlangoni kwamba ni dharura, una notisi ya kufukuzwa. Omba mkalimani wa Kiswahili, usimtumie mtoto. Wanatakiwa kukupa jibu la maandishi ndani ya saa 24. Wakikukatalia kwa mdomo, usiondoke: omba karatasi ya kukataliwa. Bila hiyo huna cha kukatia rufaa, na muda wa kuomba usikilizwe ni siku 5 tu za kazi.

Hela hutazitia mkononi, zinakwenda kwa mwenye nyumba moja kwa moja. Kuna kiwango cha juu kufuatana na ukubwa wa familia, kwa hiyo huenda wasimalize deni lote. Kinachopungua uliza kanisani au piga 211, simu ya kuelekezwa kwenye misaada.

Mzee_Kasulu
Binti yangu, usifungashe hata sufuria. Karatasi ile si amri ya kuhama. Kwa Maine mwenye nyumba hawezi kukutoa mwenyewe, wala kubadilisha kitasa, wala kukata umeme. Lazima aende mahakamani, hakimu aamue, ndipo sherifu aje. Ukilipa deni lote kabla ya siku 7 kwisha, notisi inakufa. Na kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi kama wewe, hata baada ya hapo, ukilipa deni lote pamoja na gharama za mahakama alizotoa kabla hati ya kukutoa haijatolewa, upangaji unarudi palepale.

Halafu hiyo ya kubandika mlangoni mwonyeshe wakili. Sheria inamtaka ajaribu kwanza mara 3 kukukabidhi mkononi, ndipo aiache nyumbani na kuituma pia kwa posta. Pine Tree Legal Assistance, shirika la mawakili wa watu wenye kipato kidogo, hawatozi kitu. Ukiitwa mahakamani, nenda! Wapo wanaofukuzwa hapa kwa kutofika tu.

Njoroge_Dallas
Mna bahati huko. Hapa Texas notisi ni siku 3 na hakuna mji wa kukulipia namna hiyo. Lakini si kulikuwa na hela za kodi za serikali kuu? Nimeona video.

MkalimaniME
Video ya zamani hiyo. Zile ni za wakati wa korona, Bunge la Marekani lilitoa dola bilioni 25 mwishoni mwa 2020 na nyingine zaidi ya bilioni 21 mwaka 2021. Zimeisha. Anayekuambia leo ulipe ada ya fomu ili akupatie, huyo ni tapeli.

Dada, kuhusu makaratasi: sheria ya "mzigo kwa serikali" (public charge, inayoweza kumnyima green card anayeonekana atategemea serikali) haiwagusi walioingia kama wakimbizi. Ukiwa bado na wasiwasi, Pine Tree watakuelekeza.

Mama_Nyarugusu
Mungu awabariki, kesho alfajiri niko mlangoni. Watataka risiti za chakula pia?

MkalimaniME
Mara ya kwanza wanaangalia zaidi unachohitaji sasa. Mwezi ujao ukirudi ndipo watauliza kila senti ilikokwenda, na maombi ni ya kila mwezi, hayajiendeshi. Anza kutunza risiti leo, hata za nepi.