Tovuti yangu mwenyewe, jukwaa au kundi la WhatsApp? Nataka kuwakusanya wapenzi wa redio za valvu

Mpenda_Valvu
Wakuu, salaam. Hobi yangu ni kutengeneza redio za zamani za valvu (zile za taa za kioo, kabla ya transista), na nimekusanya michoro ya saketi, picha za kabla na baada ya matengenezo, na maelezo ya hatua kwa hatua. Nataka kuvifungulia tovuti, na wenzangu wapate pa kukutana na kuulizana. Njia ninazofikiria ni WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) kwenye domeini yangu, yaani anwani ya tovuti niliyoisajili mwenyewe, programu ya jukwaa la majadiliano kama phpBB au Discourse, kundi la Facebook, au kundi la WhatsApp au Telegram. Sina haraka ya kupata umati. Ninachotaka ni kitu ambacho miaka kumi ijayo bado kipo. Mngechagua kipi?

Dada_Mawimbi
Kama hoja ni miaka kumi, usijenge kwenye kiwanja cha mtu. GeoCities, iliyokuwa ikihifadhi kurasa za watu bure, ilifungwa Oktoba 2009, na kurasa za hobi zisizohesabika zikaenda nayo. Google+ ikafuata Aprili 2019, Yahoo Groups Desemba 2020. Ukiwa na domeini yako, kampuni ya seva ikikusumbua unahama na anwani inabaki ileile. Kura yangu ni WordPress: ipo tangu 2003, ni programu huria, na kila kitu chako kiko kwenye hifadhidata moja na folda ya picha. Unanakili, unaondoka.

Ila domeini isajiliwe kwa jina lako wewe, si la rafiki aliyekusaidia, na baruapepe ya usajili iwe ile unayoifungua kila siku. Nimeona tovuti nzuri zikipotea kwa sababu taarifa ya kulipia ilikwenda kwenye anwani ambayo hakuna anayeisoma.

fundi_masafa
Kwenye domeini niko na dada. Lakini wengi watakuja na simu, na kwenye WhatsApp hakuna kujisajili upya wala nywila ya kukumbuka. Mtu anatuma picha ya chasisi, papo hapo kajibiwa. Tovuti tupu haina uhai huo, utaandika na kujijibu mwenyewe. WhatsApp ina kikomo cha watu 1,024 kwa kundi, Telegram inabeba hadi 200,000, na huko ukiruhusu, mgeni anasoma yote yaliyoandikwa kabla hajaingia. Mimi ningeanza Telegram.

Mzee_Antena
Fundi, uhai huo hata mimi naupenda. Lakini lifuate swali moja uone linavyokwenda. Mtu anauliza: redio yangu inanguruma, hata nikishusha sauti mpaka mwisho mngurumo haupungui. Anajibiwa vizuri kabisa: mngurumo usiofuata kitufe cha sauti, anza na kapasita za kuchuja kwenye pawa saplai, huenda zimekauka ndani, chomoa plagi ukutani, toa chaji kwenye kapasita kwanza, zinaweza kubaki na volti mia kadhaa. Wiki inayofuata jibu hilo limefunikwa na salamu na video. Anakuja mwingine na mngurumo uleule. Aliyejibu mwanzo kachoka, anajibu asiyejua sana, na habari ya kutoa chaji haitaji. Hapo mtu anaweza kufa.

Kwenye jukwaa, swali na majibu yake ni uzi mmoja wenye kichwa chake, Google inauonyesha uzi huo, na mgeni wa miaka mitano baadaye anaukuta na onyo lake. Na picha ziwe kwenye seva yako. Majukwaa mengi yalikuwa yanaziweka Photobucket, huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni. Mwaka 2017 ilipozuia picha za akaunti za bure zisionekane kwenye tovuti nyingine, nyuzi nzima za mafunzo zikabaki maandishi matupu. "Angalia waya mwekundu kwenye picha ya tatu", na picha haipo.

nukta_moja
Nikiongeza kwa mzee: phpBB na Discourse msiziweke kapu moja. phpBB, ya tangu 2000, inakaa kwenye seva yoyote ya kawaida yenye PHP na MySQL (lugha ya programu na hifadhidata ambazo seva nyingi za kukodi huja nazo). Discourse inataka seva yako peke yako, Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya kifurushi chake), RAM isiyopungua GB 1, na mfumo mzuri wa kutuma baruapepe, la sivyo barua za kuthibitisha usajili zinaishia kwenye spamu. Faida yake ni kwamba kwenye simu inapendeza, na ina ngazi za kuaminiwa: mgeni hapewi uhuru wa kumwaga linki mpaka asome na kushiriki kwanza.

Ukichagua phpBB, roboti za spamu zitakuja hata kabla ya watu. Weka swali la usajili analolijua mwenye hobi, mfano: valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC inaitwaje? Mwenzetu ataandika rektifaya bila kufikiri.

Mpenda_Valvu
Shikamoo Mzee Antena, mfano wa mngurumo umeniingia. Naelekea kwenye phpBB, makala nikiziweka kwenye WordPress chini ya domeini hiyohiyo. Vyumba vya mada kwenye jukwaa nimepanga kumi na viwili, kila aina ya redio na chake. Je, vinatosha?

Mzee_Antena
Marahaba. Vimezidi mno, anza na viwili: matengenezo, na mengineyo. Mgeni akikuta vyumba kumi vitupu anajua hakuna mtu. Kimoja kikijaa mpaka watu wanapotezana, ndipo ukigawe. Na ile michoro ya viwanda, kagua hakimiliki kabla ya kuipakia. Uliyoichora mwenyewe haina shida.

Dada_Mawimbi
Na usivunjike moyo na ukimya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni, katika watu 100 kama 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye anayebeba kazi kubwa. Wale 90 wanatengeneza redio zao kwa maneno yako hata kama hawasemi. Huyo mmoja mtunze: mjibu siku hiyohiyo, mshukuru kwa jina, na akikubali mpe usimamizi wa chumba.

fundi_masafa
Nimewaelewa. Kundi basi libaki la mazungumzo ya haraka, na kila jibu lililomaliza tatizo lihamishiwe kwenye uzi wake, kwa ruhusa ya aliyejibu na jina lake likiwa juu. Mkuu, hiyo kazi ya kuhamisha mimi naichukua.

Mpenda_Valvu
Umenipa nguvu, fundi. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti nzima, nitachukua kila wiki na kuiweka nje ya seva.

nukta_moja
Vizuri, ila kabla hujawakaribisha watu, irudishe bakapu hiyo kwenye seva ya majaribio uone kama jukwaa linafunguka na picha zipo. Pia nywila za domeini na seva awe nazo mtu wa pili unayemwamini. Ukiumwa mwezi mzima, awepo wa kulipia.