Luis Taruc wa Ufilipino: alisukumwa msituni au alijipeleka?

Mleta mada: Wakuu, nimebishana na jamaa yangu hadi chai imepoa, nikaona niilete hapa. Yeye anasema Taruc alikuwa mwasi wa kikomunisti, basi. Mimi nasema ukimfungia mbunge mlango wa Bunge, usishangae kumkuta porini.

Alizaliwa mkoa wa Pampanga mwaka 1913, kwa wakulima maskini, akawa fundi cherehani. Wajapani walipoivamia nchi, Machi 1942 yeye na wenzake wakaunda Hukbalahap, kwa kifupi Huk, jeshi la wakulima. Na shukrani waliyopata? Februari 1945, mjini Malolos, wapiganaji wa Huk zaidi ya mia moja walinyang'anywa silaha na kuuawa na Wafilipino wenzao. Taruc mwenyewe Wamarekani, waliotawala nchi wakati huo, wakamtia ndani.

Mwaka 1946 akagombea kwa tiketi ya chama cha Democratic Alliance, akashinda. Kufika bungeni, yeye na wenzake kadhaa wakazuiwa, eti kura walizipata kwa vitisho. Sasa hapa ndipo penye utamu. Katiba ilikuwa inataka kurekebishwa ili Wamarekani wapate haki sawa na wenyeji kwenye madini, misitu na ardhi, na robo tatu ya kura ilihitajika. Wale wangekaa kwenye viti vyao, hesabu ingegoma. Mtaniambia ni bahati tu?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, umeruka ukurasa. Juni 1948 Rais Quirino alitoa msamaha, Taruc akarudi Manila, akakalia kiti chake na malimbikizo ya mshahara akachukua. Agosti huyo, msituni tena. Mlango si ulifunguliwa? Halafu Aprili 1949 Aurora Quezon, mjane wa rais wa zamani, aliviziwa barabarani akauawa pamoja na binti yake. Walionyooshewa kidole ni Huk.

Mleta mada: La mama Quezon sina la kulitetea. Viongozi wa Huk walikana kuagiza, lakini aliyekufa hafufuki kwa kukana. Ila huo msamaha ulidai wasalimishe bunduki. Wewe umezika wenzako wa Malolos, na Agosti 1946 kiongozi wa wakulima Juan Feleo ametekwa akiwa mikononi mwa walinzi wa serikali, akauawa. Bunduki ungeitoa?

Mchangiaji wa 2: Mimi swali langu ni dogo. Mwaka 1954 alijisalimisha, na mjumbe wa Rais Magsaysay alikuwa mwandishi wa habari wa miaka 21, Benigno Aquino. Taruc akafungwa hadi 1968, Rais Marcos akamtoa. Kisha akaunga mkono mageuzi ya ardhi ya Marcos huyohuyo wa sheria ya kijeshi. Mtetezi wa wakulima?

Mleta mada: Hapo umenibana, nakiri. Ila huyo ni Taruc mzee, ameshakula miaka kumi na minne ya jela. Mada yangu ni yule wa 1946 aliyesimama mlangoni na kura za watu mkononi. Huyo nani atanijibia?