Ramani ya Mlima Meru: kontua zimegandana, nisaidieni

Kijana wa Momella: Wakuu, shikamooni. Nimetandaza ramani ya Meru ya 1:50,000. Magharibi mwa kreta (shimo la volkano) kontua, ile mistari ya mwinuko, zimegandana, zimekuwa doa la kahawia. Ni uchapaji mbovu?

Mzee wa Usa River: Marahaba. Hapana mwanangu, huo ni ukuta wa mwamba, zaidi ya mita 1,500. Fuatisha kwa kidole: utachora kwato ya farasi, mdomo mashariki, mlima ulikobomokea. Viduara vya katikati ni koni ya majivu, kilima cha majivu ya volkano.

Kijana wa Momella: Asante mzee! Na msitu?

Mzee wa Usa River: Rangi ya kijani. Hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, bado unao. Nilipita alfajiri, ndevu za miti, zile nyuzi zinazoning'inia matawini, zikidondosha maji shingoni. Sentimita 2 ni kilomita 1, ila kontua zikibanana usihesabu kilomita, hesabu saa.

Dada Ramani: Ukichora mstari kwenye ramani, tumia penseli, si kalamu.