Mwombaji kazi aliyekataliwa kwa rangi yake ana haki gani?

Mwanafunzi wa sheria, Mtwara:
Shikamooni wakubwa zangu. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi, na inataja waziwazi rangi, kabila na pahala mtu alipotokea. Hata hivyo, dada yangu aliambiwa na mwajiri mmoja kwamba kazi ya mapokezi inahitaji "mweupe kidogo". Je, haki hii inadaiwa wapi, au ni ya kusomwa darasani tu? Jambo hili linaniuma sana.

Wakili, Lindi:
Marahaba, mwanangu. Anzia kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambacho kinamlinda hata mwombaji kazi. Mlalamikaji akionyesha ushahidi wa awali, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kwangu huo ndio moyo wa kifungu hicho, kwa sababu ubaguzi hufanyika faraghani na anayebaguliwa mara nyingi hana hata karatasi ya kuonyesha. Apeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 60.

Mwalimu wa uraia, Masasi:
Naongeza kwamba ibara ya 30(3) ya Katiba inaruhusu kufungua shauri Mahakama Kuu, lakini sheria ya mwaka 1994 kuhusu kudai haki za msingi mahakamani inaizuia Mahakama hiyo kutumia mamlaka yake pale ambapo sheria nyingine inatoa nafuu ya kutosha, yaani njia nyingine ya kupata haki hiyo. Wakili ameshauri vyema.

Mwanafunzi:
Nashukuru sana. Mwombaji mwenzake dada yangu aliyeyasikia maneno hayo yuko tayari kutoa ushahidi, nasi tutakwenda Tume wiki hii.