Krannogi za Scotland: nguzo za mbao zimekaaje majini miaka 2,500?

Fundi_Banda
Wakuu habari za jioni. Nimeona video ya ziwa moja Scotland linaitwa Loch Tay, eti watu wa kale walikuwa wanajitengenezea kisiwa majini wenyewe alafu wanajenga nyumba juu yake, ndo hizo krannogi. Sasa wapiga mbizi wanaonyesha nguzo ziko chini huko mpaka leo. Mimi banda la kuku nimesimika miaka mitatu tu nguzo zishaoza, inakuwaje?

Msukuma_Glasgow
Mkuu nguzo yako inaozea pale inapotokea ardhini, hewa na unyevu vinakutana hapo. Kule ziwani sehemu ya juu ilishaisha kitambo, kilichobaki ni kile kilichozama kwenye tope ambalo oksijeni haifiki, wale kuvu na bakteria wa kuozesha hawapati nafasi. Pale kwenye krannogi ya Oakbank, kwenye hilohilo ziwa, mwanaakiolojia Nick Dixon na wenzake walianza kuchimba 1980 wakatoa mpaka sahani ya mbao ina mabaki ya siagi. Siagi jamani! Na majani ya magugu yaliyotandazwa sakafuni waliyakuta.

Binti_wa_Lindi
Umesahau maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ingekuwa baharini wale wadudu wanaotoboa majahazi wangezimaliza zamani, boriti za gatini kwetu zikipata miaka kadhaa ukigonga unasikia tupu ndani.

Fundi_Banda
Aisee sawa. Kwa hiyo zote zina umri huo?

Msukuma_Glasgow
Hapana, hapo ndo utamu. Kisiwani Lewis, hukohuko Scotland, mwaka 2012 jamaa mmoja aliyekuwa mpiga mbizi wa jeshi la majini, Chris Murray, alizama pembeni ya vijisiwa vya mawe akakuta vyungu vizima vimelala chini, na kupima wakapata zaidi ya miaka 5,000, kabla ya piramidi za Giza. Na Ireland kuna watu waliishi humo mpaka miaka ya 1600. Mi naona ilikuwa ulinzi na kujionyesha pia, maana kubeba mawe yote yale kwa mtumbwi sio mchezo.

Binti_wa_Lindi
Ile krannogi ya mfano waliyojenga watu wa makumbusho pale Loch Tay si iliungua?

Msukuma_Glasgow
Juni 2021, dakika kama sita tu kwisha, zikabaki nguzo zimesimama majini nyeusi. Wamehamia ng'ambo ya ziwa, walifungua tena 2024.

Fundi_Banda
Basi kuku wangu wajifunze kuogelea