Mjadala: Je, wingi wa albamu umeijenga Guided by Voices au umeiharibia?

Mtoa mada: Ndugu wapenzi wa muziki, hoja yangu ni kwamba bendi ya roki ya Guided by Voices, iliyoanzishwa mwaka 1983 mjini Dayton, Ohio, na ambayo imekwishatoa albamu zaidi ya 40, ingeheshimika zaidi kama mtunzi na mwimbaji wake, Robert Pollard, angetoa nusu tu ya hizo. Mwaka 2012 zilitoka tatu, mwaka 2019 tatu, mwaka 2020 tatu tena. Hata shabiki sugu huchoka.

Bidii yake siibezi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 10, huku akirekodi na wenzake kwa rekoda ya kaseti yenye njia nne (kifaa rahisi cha kurekodia nyumbani), na albamu ya Propeller ya mwaka 1992 ilitoka nakala 500 tu, kila moja na jalada lake lililotengenezwa kwa mkono. Nyakati hizo ukata wenyewe ulikuwa chekecheo: Bee Thousand ya mwaka 1994, yenye nyimbo 20, ilichambuliwa kutoka rundo la rekodi za miaka mingi, na nyingi zikaachwa. Chekecheo hilo sasa liko wapi?

Mchangiaji: Kwa heshima, nakupinga. Sikiliza wimbo unaoifungua hiyo hiyo Bee Thousand, “Hardcore UFOs”: gitaa linapotea ghafla kana kwamba waya umechomoka, kisha linarudi, na mwimbaji anaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Prodyuza mwangalifu angeurudia, na utamu ungeondoka. Alien Lanes ya mwaka 1995 ina nyimbo 28 katika dakika 41 hivi, nyingine zikikatika pale tu zinapoanza kunoga. Walipoingia studio ya maana kurekodi Do the Collapse, iliyotoka mwaka 1999, chini ya prodyuza Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, sauti ilitakata na mashabiki wa zamani wakanung’unika. Watu hawa hufanikiwa kwa kutongoja.

Mtoa mada: Unachanganya mambo mawili. Mikwaruzo sijailalamikia hata kidogo (binafsi naipenda, hasa usiku). Ninacholalamikia ni uteuzi. Mgeni akiniuliza aanzie wapi, namtajia albamu tatu, zote za kabla ya mwaka 1997, nami naona haya, kwa kuwa najua zipo nyimbo nzuri za miaka ya karibuni zilizofukiwa chini ya nyimbo nyingine.

Mchangiaji: Pollard hutoa albamu kama gazeti, wewe unazisoma kama msahafu.

Mtoa mada: Hata gazeti lina mhariri. Haya, chukua albamu tatu za mwaka 2019, uteue nyimbo 20, uzipange upendavyo, kisha tuzisikilize sambamba na Bee Thousand.