Hata paka hamwachi mwanawe? Haya, paka dume yuko wapi?

Wakuu, nimevumilia wiki nzima. Leo nasema, na atakayekasirika akasirike.

Tuna kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa tamthilia za Kikorea, wanawake watupu, wengi wetu tuna watoto. Mwezi huu mmoja kaleta When the Camellia Blooms, ile ya KBS ya mwaka 2019, tukawa tunaiangalia kila mtu kwake halafu usiku tunachambua. Raha tupu, mpaka alipotokea mama yake Dong-baek, mhusika mkuu. Tangu siku hiyo kundi limegeuka mahakama isiyo na wakili. "Mama gani huyu." "Hana haya, karudi kufuata figo." "Mungu kamlipa hapahapa duniani." Halafu ikaja ile ambayo haikosekani: "Jamani, hata paka hamwachi mwanawe."

Nianze na huyo paka. Aliyesema hivyo hajafuga paka. Kwa bibi Tanga tulikuwa na jike lililozaa juu ya dari watoto wanne. Mmoja alimla mwenyewe, wawili akawahamisha, wa nne akamwacha analia huko juu mpaka bibi akaazima ngazi kwa jirani. Hayo ndiyo malezi ya paka mnayoyasifia. Na hapa ndipo damu inaponichemka: kwenye huo msemo wenu, paka dume yuko wapi? Mbona yeye haitwi shaurini?

Kwa ambao hamjaiangalia (na nitawaharibia utamu, samahani): Dong-baek ana baa ndogo mji wa Ongsan, kwenye mtaa wa migahawa ya kaa, analea mwanawe Pil-gu peke yake. Alipokuwa na miaka saba mama yake alimlisha nyama akashiba, kisha akampeleka kituo cha watoto yatima akamwacha huko. Dong-baek ni mtu mzima, mama anarudi, anajifanya akili imepotea na hakumbuki kitu, kumbe kichwa chake kizima kuliko cha wote mle ndani. Kisha inajulikana kuwa ni mgonjwa wa figo. Dong-baek naye anaamini kuwa kafuatwa figo. Anampeleka mama mgahawani, wanakula nyama, anamwambia leo ni zamu yangu kukuacha. Hapo kundini zilimwagika alama za makofi utadhani Taifa Stars imefunga goli.

Mbele huko tukaambiwa mengine. Kwamba mama alikuwa amemkimbia mume mlevi, mpigaji. Kwamba hakuwa na pa kulala wala cha kumpa mtoto. Kwamba amefanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu huku analipia bima ya maisha, ili akifa fedha zimfikie binti yake. Watu wakapoa kidogo, halafu mmoja akaandika: "Hata hivyo, mama ni mama." Wakagonga dole gumba watu kumi na tisa.

Jana usiku nilirudi nyuma nikasoma meseji zote tangu alipotokea huyo mama. Baba yake Dong-baek, yule aliyekuwa anapiga, katajwa mara mbili, na mara moja ni mimi niliyemtaja. Mara mbili! Na Jong-ryeol, baba yake Pil-gu, yule mcheza besiboli mashuhuri? Alikaa na Dong-baek miaka hataki kumtambulisha kwa watu. Sawa, hakuambiwa kuhusu mimba, simzushii. Lakini alipotoa chozi tu kundi zima likalainika: "maskini wa Mungu, damu nzito." Mama akilia ni mnafiki, Jong-ryeol akilia ni damu nzito.

Mnaodai "angempigania mwanawe", jaribuni kujua mnazungumzia nchi gani na miaka gani. Dong-baek ana miaka 34 kwenye hadithi, kwa hiyo mama yake aliolewa miaka ya themanini. Korea Kusini ya wakati huo, wanandoa wakiachana bila kuelewana, mtoto ni wa baba kisheria, mpaka mabadiliko yaliyoanza kutumika 1991. Na daftari la ukoo, lile la serikali la kuandikisha familia, lilikuwa na mkuu wake, mwanamume. Mama aliyetoka kwenye ndoa aliweza kumlea mtoto kwa mikono yake na bado mtoto akaandikwa kwenye daftari la baba. Utaratibu huo ulifutwa rasmi Januari 2008. Juzi tu hapo. Tena kule wamepeleka ng'ambo watoto wa kuasiliwa wanaokadiriwa kufika 200,000 tangu vita vya Korea, na Machi 2025 tume ya serikali yao wenyewe ilitoa taarifa kwamba karatasi za baadhi yao zilighushiwa: watoto wenye wazazi waliandikwa yatima. Kuna kina mama waliohukumiwa kwa kuacha watoto ambao hawakuwaacha.

Msiwacheke Wakorea lakini. Hapa kwetu ilikuwepo sheria ya tangu mkoloni ya matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa. Baba akithibitika, hakimu hakuweza kumwamuru atoe zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia! Ilibaki vitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta. Mwaka 2008 ungempelekea muuza duka shilingi mia ukamwambia nipe matumizi ya mtoto ya mwezi, angekupa nini? Pipi?

Sasa niseme na langu, maana najua mtauliza inanihusu nini.

Mama yangu aliondoka kwenda Muscat kufanya kazi za ndani nikiwa darasa la kwanza. Aliniacha kwa bibi, Ngamiani. Baba alikuwa ameshahama miaka miwili kabla, kaenda kuishi na mwanamke mwingine barabara tatu kutoka kwetu. Barabara tatu, nilikuwa namwona kwenye kijiwe cha kahawa nikienda shule. Mtaa mzima ulisema mama "katelekeza" mtoto. Baba walisema "kahama". Na siku mama alipopanda ndege, kuna wazee walimfuata baba pale kijiweni wakampa pole! Ada ililetwa na mama. Sare, daftari, mafuta ya taa, dawa za bibi za presha, mama. Baba alileta mkono wa Idi, na mtaa ukasema ana roho nzuri.

Sisemi mama hakuniumiza. Darasa la nne nilikataa kwenda kupokea simu yake dukani, bibi akanibembeleza mpaka muuza duka akakata. Nilikuwa na hasira naye miaka mingi na nyingine ninayo mpaka leo. Lakini ni yangu. Ninajua ninamdai nini, na ninajua nani mwingine ninamdai. Ninyi mnaohukumu kwa kipande cha tamthilia mmesoma ukurasa mmoja wa daftari la madeni.

Sasa hivi mama karudi, mgongo umekwisha, anakaa kwangu. Hiyo tamthilia tunaangalia naye, mimi namtafsiria maandishi. Siku ya kile kipande cha kituo cha yatima aliniuliza, "Alimpa kitu cha kushika?" Nikamwambia sikuona. Akasema ngoja nikaangalie mchuzi, akakaa jikoni mpaka kikaisha. Tulikuwa tumeshakula.

Nusu saa baadaye nikafungua simu nikakuta ndiyo mnagongeana dole kuhusu paka.

Leo mchana admini wetu kaniandikia pembeni, "shosti, unaichukulia tamthilia kibinafsi mno, unaharibu raha za wenzio." Ndiyo, naichukulia kibinafsi. Sitoki kundini. Usiku tunaendelea, mama ameshaniuliza ni saa ngapi, na atakayeleta tena habari za paka aje na dume lake.